Karoti na Udongo Wake

Lubumbashi, Jumapili, baada ya misa ya pili

Kwako Yaya Ngoie, dada yangu mkubwa uliyenilea,

Kama barua hii imekukuta umesimama, kaa kwanza, maana ni ndefu. Na wewe Papa Leonari, katekista wetu unayemsomea dada yangu, vaa miwani yako vizuri na usiruke hata mstari mmoja. Nakujua. Mara ya mwisho uliruka pale nilipoomba unirudishie shoka langu. Safari hii kuna mahali kule chini ambapo utatamani kushusha sauti. Hapo ndipo uipaze, mpaka Mama mdogo anayeuza chumvi barazani asikie.

Haya, Yaya. Hamjambo huko Mitwaba? Magoti yako yanasemaje asubuhi, sasa baridi imeanza? Shemeji ameacha ugoro, au bado anaahidi tu? Yule mbuzi mweupe aliyekuwa anakula kamba za watu, amezaa? Sisi huku ni wazima, tunakula, tunalala, na tunawaota ninyi. Kazi yangu ya kuchomelea mageti inakwenda. Umeme unakuja unapotaka wenyewe, lakini nikiupata siuachii.

Somo yako, Ngoie mdogo, ana meno mawili, yote ya chini, na amekwisha kuyajaribu kwenye kidole changu. Paji la uso ni lako kabisa. Akinyimwa kitu anakunja uso vilevile unavyoukunja ukimwona mtu anapita na viatu ndani ya nyumba. Mke wangu Godé akimwona hivyo huniambia, "Kaa muzuri, Yaya amefika." Tunacheka, lakini mimi huwa nakaa vizuri kweli.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Somo yako alipozaliwa nilikuomba uje umshike siku ya ubatizo. Ukanijibu kwa mdomo wa dereva wa lori. Dereva akasimama mlangoni pa karakana yangu, mbele ya wateja watatu, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini:

"Yaya yako anasema hivi: nitakuya. Lakini nitakuya na chakula yangu na mbabula yangu. Mu nyumba ya Banza nitakunywa paka maji tu, na ile maji nitaichemsha mwenyewe!"

Mteja mmoja alicheka mpaka akakalia geti lake mwenyewe lililokuwa bado la moto. Nikacheka naye, nifanyeje? Lakini Yaya, iliniuma. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone; nami nilijiona nimelala mgonjwa mlangoni pangu huku dada yangu wa tumbo moja anawasha jiko lake la makaa peke yake kwenye kona ya ua, ananipungia mkono. Godé naye alisikia. Aliingia ndani akakunja nguo za mtoto, akazikunjua, akazikunja tena.

Sikulaumu. Nakumbuka vizuri ulivyokuja miaka miwili iliyopita, siku nne juu ya magunia, mgongo wote vumbi. Nami nikataka kukuonyesha kwamba mdogo wako amekuwa mtu wa mji. Nikakuwekea sahani ya saladi, nyanya na matango, vyote vibichi, na mafuta na siki juu yake, kama wanavyofanya kwenye harusi za huku. Ukala kwa heshima, maana nilikuona hukuipenda. Usiku ule tumbo likakushika, na juma zima ukalala zahanati na mpira wa seramu mkononi. Siku ya kupanda lori kurudi, ulisema maneno ambayo bado yako masikioni mwangu: "Nilikulea na mboga yenye udongo. We umenilisha mboga ya kungaa. Sitakula tena jani yenye sijaona muzizi yake."

Mama alikuwa hivyohivyo. Kwetu hakuna anayempelekea jirani mboga iliyooshwa. Unaing'oa na mizizi, unamkabidhi na udongo wake ukining'inia, aone imetoka wapi, kisha aioshe kwa mkono wake. Ukimletea Mama mboga safi inayometa, alikuwa anaipokea kwa vidole viwili na kuuliza inaficha nini. Mimi nilikuwa nimesahau. Mji unasahaulisha. Huku mboga inayometa ndiyo inayonunuliwa kwanza, na mwenye udongo wake anarudi nayo nyumbani.

Basi dereva alipoondoka nilikata shauri. Nilimwambia Godé, "Yaya anataka kuona mizizi? Ataona mizizi." Kesho yake nikachukua jembe, mimi fundi wa mageti, nikaanza kulima nyuma ya nyumba. Mtaa mzima ukapata mchezo wa kutazama.

Sikufika mbali. Baba mkwe wangu, Papa Kalenga, ambaye tunakaa naye tangu mama mkwe alipofariki, alitoka na kiti chake, akakaa, akaninyoshea fimbo.

"Uko nafanya nini pale, Banza?"

"Niko nalima karoti, Papa."

"Lima tu. Utavuna misumari."

Nikadhani ananidhihaki kama wengine. Kumbe mzee anajua kila kilichomo chini ya ua huu, maana yeye ndiye aliyekiweka. Ujanani mwake hapa palikuwa kambi ya wafanyakazi, na mvua ikinyesha palikuwa matope matupu. Wakapewa mawe meusi yaliyobaki kwenye zile fuluno, tanuru za shaba, wajazie, na siku zile kila mtu alifurahi kupata mahali pakavu pa kukanyaga.

"Hii parcelle yote, mi njo nilimwangaka majibwe ya mweusi," aliniambia, akapiga ardhi kwa fimbo. "Na toroli, na hii mikono. Mboga itaota, ndiyo. Itakuwa hata mukubwa. Lakini utakuwa nakula nini? Utakuwa nakula fuluno."

Yaya, nilisimama na jembe langu kama mtu aliyekosea nyumba. Mkononi nilikuwa nimeshika bonge la udongo, na ndani yake kweli kulikuwa na vipande vyeusi vinavyong'aa. Hata udongo wenyewe huku unang'aa! Nikafukia shimo, na jirani mmoja akanipa pole kana kwamba nimezika mtu.

Lakini Godé ana baba mdogo mwenye shamba kule mbele ya Kasapa, ukishapita chuo kikuu na nyumba za wanafunzi. Tulikodi pikipiki ya magurudumu matatu, tukaenda na magunia matupu ya unga. Papa Kalenga akakataa kubaki. Alipanda juu ya magunia na kofia yake ya misa, akishikilia koleo kama mwanajeshi. Kule shambani alikataa mahali pa kwanza, eti pako karibu mno na barabara. Alikataa mahali pa pili, hakutuambia kwa nini. Mahali pa tatu alichimba kwa fimbo, akanusa, akatia kidogo kwenye ulimi, akatema.

"Hii iko udongo ya bantu," alisema. "Tia mu gunia."

Tukaujaza. Nami nikachomelea vyuma vya kuyainua magunia yasiguse chini, viwili viwili kama vitanda vya bweni. Mbolea nilikosea tena. Nilileta mavi ya kuku mabichi, ya asubuhi ileile, nikitaka kuyatia papo hapo, maana unanijua, mimi nataka leo kile cha kesho kutwa. Godé akanizuia na ufagio. Tukayarundika mbali, tukayafunika kwa majani ya mgomba, tukayageuza na kuyageuza, mpaka yakawa meusi, makavu, hayana harufu yoyote. Nilikwenda kuyanusa kila Jumamosi. Wateja wangu wakauliza kama nimepata ugonjwa.

Na maji? Bomba letu linatoa maji siku linapotukumbuka, na kisima chetu kiko karibu na choo, kwa hiyo hicho ni cha kuoshea baiskeli. Hapo ndipo akaingia Mama Zaina. Unamkumbuka: jirani wa ukuta wa kushoto, anayeshona kofia za sala, mama wa maneno mengi na mkono mpana. Babu yake alitoka Maniema akifuata biashara. Kwake kuna kisima kirefu cha pampu, na mlango wa maji ule haufungwi. Lakini ukichukua maji yake unachukua na mafundisho yake. Siku ya kwanza alinikuta namwagilia kutoka juu, najisikia mvua.

"We Banza! Unamwangia mboga mu kichwa? Vumbi yote ya barabara inashuka mu katikati ya jani, inakaa mule. Mupe maji ku miguu. Mutu anakunywa na mudomo, mboga inakunywa na miguu."

Nikatii. Na kwa kuwa kiangazi huku barabara inatimka vumbi jekundu mpaka ndani ya kikombe cha chai, Mama Zaina alitoa mapazia yake ya zamani, ya waridi, yenye maua, tukayatundika upande wa barabara yazuie vumbi. Watu wawili waliingia kuuliza bei ya kusuka nywele.

Mboga ya kwanza ilikuwa lengalenga, mchicha wetu. Yaya, sikudanganyi, nilipoona majani yale mapana, kijani kimeiva, nilimwita kila aliyepita. Siku ya kuvuna Godé alikuwa amempeleka mtoto kupimwa uzito. Nikasema, akirudi akute nimepika. Na kwa kuwa safari hii nilitaka usafi, usafi wenyewe, usafi ambao hata wewe ungekosa la kusema, nikaosha jinsi ninavyojua kuosha. Nikachukua beseni. Nikatia sabuni ya unga, kile kipimo cha ovaroli yangu ya kazi. Nikaloweka lengalenga, nikalisugua, nikalikamua, nikalisuuza mara moja, nikalitia sufuriani.

Ilipochemka ilianza kutoa povu. Nikatoa povu kwa kijiko. Likaja jingine. Nikajiambia labda ni mafuta. Papa Kalenga alikuwa na njaa, akakaa na bukari yake, ugali wa moto, akachovya, akatia kinywani. Akatafuna polepole sana. Kisha akaweka mkono kifuani, akacheua, na kwenye kona ya mdomo likaonekana povu dogo.

"Banza," alisema, "hii mboga inanifulia roho."

Nilisikia kicheko upande wa pili wa ukuta. Mama Zaina alikuwa amesimama juu ya ndoo akituona toka mwanzo, hakunizuia makusudi! Alizunguka akaja, anafuta machozi kwa mtandio, mkononi ana birika jipya la plastiki, kama lile wanalolitumia kutawadha kabla ya sala.

"Mboga haiko nguo ya kazi," aliniambia. "Kuya nikufundishe. Hii birika iko ya mboga tu, usiipeleke ku choo, nitakulaani."

Akanifundisha, Yaya, na tangu siku ile hatuoshi kwa namna nyingine. Kwanza mikono yako mwenyewe, mpaka kwenye viwiko. Sabuni ni ya mikono, siyo ya jani. Kisha unashika jani kwa kikonyo, unalimiminia maji yanayopita, juu na chini, mara tatu, unasugua kwa kidole pale linapoungana na shina kwa sababu ndipo mchanga hujificha. Hutumbukizi fungu zima kwenye beseni ukalizungusha na kusema limeoshwa.

"Maji yenye kukaa inatoa uchafu ku jani ya kwanza, inaupa jani ya pili," Mama Zaina alisema. "Maji yenye kupita inaenda nao."

Kile kitakacholiwa kibichi, mara ya mwisho kinamiminiwa maji yaliyochemshwa yakapoa yakiwa yamefunikwa, halafu kinakaushwa juu ya kitambaa kilichopigwa pasi. Hata papai letu moja, lile lililoiva kwenye mti wa pembeni wa baba mdogo, tuliliosha kabla ya kulikata. Nikabisha, ganda si tunatupa? Akanijibu kwamba kisu hakijui kama unatupa ganda, kinabeba tu kilichoko nje na kukiingiza ndani. Nikachukua birika. Kila nikishinda hoja na mama huyu huwa bado sijamaliza kusikiliza.

Sasa Jumamosi iliyopita, siku nane leo, karoti. Hapa Yaya ningependa ungekuwepo, maana maneno hayatoshi. Tulikwenda kwenye magunia sote, Godé na mtoto mgongoni, Papa Kalenga na kofia yake ya misa, Mama Zaina na birika lake. Nikashika majani ya karoti ya kwanza kwa mikono miwili, kama kijana anayepeleka posa. Nikavuta. Ikatoka! Ndefu, nyekundu kama tofali jipya, na udongo umeizunguka. Papa Kalenga akapiga makofi. Mama Zaina akapiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakajibu. Nyingine ilitoka na miguu miwili kama suruali, tukaicheka sana, nayo ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote.

Tuliziosha kwa maji yanayopita, kila mtu na karoti yake, kama watoto wa shule wanaosugua meno. Papa Kalenga ana meno machache, lakini alitaka mbichi na hakuna wa kumwambia kitu. Nikamkunia kwenye bati nililolitoboa kwa msumari. Ngoie mdogo alipata ya kuchemshwa na kupondwa, akajipaka mpaka nyusi. Siku ile nilikula saladi kwa mara ya kwanza tangu ulipoumwa. Tukangoja usiku. Tukangoja kesho yake. Hakuna aliyeshika tumbo. Jumatatu asubuhi Papa Kalenga aliamka akauliza kama karoti zimebaki.

Siku hizi nyumba sita za mtaa huu zina magunia yaliyoinuliwa, na vyuma vyote nimechomelea mimi. Mama Zaina anazunguka na birika lake jioni kama mkaguzi. Akikuta mtu anatumbukiza, anamnyang'anya beseni mkononi bila salamu. Nina furaha, Yaya. Naiandika hivyohivyo ilivyo: nina furaha.

Jana Jumamosi niling'oa karoti kumi na mbili nzuri nikutumie kwa lori hilihili linaloleta barua. Nikachukua birika nizioshe zing'ae kabla ya safari. Godé akanishika mkono.

"Wacha," alisema. "Yaya ataosha yeye mwenyewe. Alisema anataka kuona muzizi. Umupe muzizi yake."

Akazichukua. Hakupangusa hata chembe. Akachana kipande cha kitenge chake kile cha buluu, kile ulichomletea wewe, akazifunga kwa upole kama anavyomfunga mtoto. Mimi nikakaa chini palepale kwenye vyuma.

Papa Leonari, ni hapa. Paza sauti.

Yaya, siku ile ya saladi haikuwa Godé. Ilikuwa mimi. Asubuhi ile aliinuka mapema akachemsha maji, akayafunika yapoe, akaniambia: leta mboga, nitaosha mimi, tukitoka misa na nikimaliza kumtandikia Yaya chumba. Nilikwenda sokoni. Nikapita kwenye daraja dogo, nikawaona wauzaji wanachovya mafungu kwenye kile kijito yapate kung'aa. Niliona kwa macho yangu. Si watu wabaya, wanafanya hivyo kwa sababu mtu kama mimi ndiye anayetaka mng'ao. Nikanunua yaliyong'aa kuliko yote. Nilipofika nyumbani ninyi mlikuwa mmekwisha kurudi misa, nami nilitaka wewe unione nakuandalia sahani kwa mkono wangu, mwanaume wa mji mkubwa. Nikasema moyoni: hizi zimeshaoshwa. Nikazikata hivyohivyo. Godé aliponiuliza, nikamjibu, "Nimeosha." Nilidanganya kwa sababu ya dakika kumi.

Na ulipokuwa juu ya lori ukisema yale maneno ya mboga ya kung'aa, ulikuwa unamtazama yeye, siyo mimi. Nililiona jicho lako lilipokwenda. Nikanyamaza. Tangu siku ile salamu zako zote zilikuja "kwa Banza" peke yake, na sasa zinakuja "kwa Banza na mtoto". Godé anazisikia zikisomwa, anasema aksanti, anakwenda jikoni.

Jana hiyo, nikiwa nimekaa kwenye vyuma, nilimwambia. Nilisema, "Godé, nilikudanganyaka. Ile mboga sikuosha."

Akaendelea kufunga fundo la kitenge.

"Najua," alisema. "Nilikuta ile maji mu sufuria, na kifuniko yake. Hakuna mutu alikuwa ameigusa. Nilijua siku ile ile."

"Na hukusema?"

"Nimuambie Yaya kama mudogo wake ni muongo? Yeye njo alikulea. Ile ilikuwa kazi yako, Banza, haikuwa yangu."

Miaka miwili, Yaya! Alikuwa ameyamwaga yale maji kwenye mgomba na kubeba lawama yangu, ananipikia, ananizalia mtoto, na ndiye aliyesema mtoto aitwe jina lako. Siyo mimi niliyechagua lile jina. Ni yeye. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kwa sababu kuna mtu aliyekuwa anaitembea badala yangu. Naona haya, na ninakuandikia nikiwa na haya hiyo, lakini kifua changu leo ni chepesi.

Basi fungua kile kitenge. Zitazame karoti na mizizi yake. Chukua ule udongo uunuse, na Shemeji autie kwenye ulimi kama baba mkwe wangu, kama ugoro haujamharibu ladha. Halafu uzioshe kwa mkono wako. Ukiwa na kinyongo, kiwe na mimi. Mimi nitakibeba, mabega yangu ni ya fundi.

Ubatizo tumeungojesha mpaka barabara ya huko Mitwaba ikauke, Padri amekubali. Dereva atarudi huko na kupakia tena kabla mwezi haujaisha. Nimemwomba akuachie nafasi mbele, karibu naye, usikae tena juu ya magunia. Ukija na chakula chako sitakwambia kitu, hiyo ni haki yako. Lakini Godé ameniambia nikuandikie hivi: siku utakayofika, maji yatakuwa yamechemshwa, yamefunikwa, na hakuna mtu atakayegusa kifuniko mpaka mkono wako. Lengalenga litakuwa bado limesimama kwenye gunia. Utaling'oa wewe.

Nisalimie Shemeji na kikohozi chake. Nisalimie Mama mdogo wa chumvi, mwambie sasa amesikia, asiwe na haraka ya kusimulia kabla barua haijakunjwa. Nisalimie shangazi anayefinyanga vyungu, wajukuu wako wote waliozoea kunipigia kelele nikija, na yule jirani mwenye baiskeli aliyekupeleka mpaka kwenye lori. Papa Kalenga anakusalimu kwa kofia. Mama Zaina anasema ukija upitie kwake kwanza, mtaelewana. Papa Leonari, asante kwa kusoma. Shoka baki nalo.

Ni mimi mdogo wako uliyemfundisha kuosha mikono, akakawia kujifunza,

Banza

*

Yaya, njo mi Godé, ameniachia hii kipande ya chini. Mbabula acha kule, tuko nazo mbili. Leta paka mikono yako tu. Somo yako anakungojea.